Inzi wa Sufi

Mume wangu alikuwa dereva wa mzee mmoja Mwingereza aliyekuwa na nyumba ufukweni, kusini kidogo ya mji wa Malindi. Ile nyumba iliielekea bahari, lakini mzee mwenyewe alipenda kukaa kwenye kibaraza cha nyuma, bahari kaipa mgongo. Ilikuwa miaka ya themanini, wageni wakija makundi kwa makundi kwa ajili ya bahari hiyo hiyo, na yeye haikumshughulisha. Moyo wake ulikuwa bara, kwenye vijito vinavyoshuka Mlima Kenya, ambako kuna samaki aitwaye trauti. Kila mvua zilipokwisha mume wangu alimpeleka huko kwa gari. Walilala kwenye kibanda cha mbao, wakavua, kisha wakarudi, nami nilikuwa nyumbani nikimngojea.

Samaki hawakufika Malindi. Wa kuliwa waliliwa huko huko, na wengine walirudishwa majini wakiwa hai, jambo ambalo majirani zetu hawakulisadiki kamwe. Kilichofika ni begi la mume wangu. Nikilifungua lilikuwa na ubaridi ndani, kama mtungi, na mashati yakinuka moshi wa kuni nisizozijua. Za kwetu nazijua zote kwa moshi wake: mkoko, mkanju, makuti, vifuu. Ule haukuwa mmojawapo. Nilikuwa nikiyaweka yale mashati usoni kabla ya kuyafua, na sikumwambia.

Alasiri, jua likishapoa, alijinyoosha kwenye mkeka uani, akaanza.

"Maji ya huko, mke wangu, ukitia mguu mifupa inalia."

"Muongo."

"Wallahi. Na ni maangavu mpaka chini. Unaliona jiwe, unamwona samaki juu ya jiwe, unakiona na kivuli chake kimelala kando."

"Naye akuona?"

"Hapo ndipo penye kazi. Akikuona, basi, rudi nyumbani."

Samaki yule, alinieleza, hula inzi na wadudu wadogo wanaoangukia maji. Kwa hiyo mvuaji hatii chambo cha kamba wala mnyoo. Anachukua ndoana ndogo kuliko ukucha wa mtoto, anaifunga manyoya na nyuzi mpaka ifanane na inzi, kisha anairusha kwa ufito mrefu mwembamba. Mshipi unakwenda nyuma kwanza, hewani, unanyooka, halafu ndipo unapokwenda mbele. Inzi ashuke juu ya maji kana kwamba kajiangukia mwenyewe. Akianguka kwa kishindo, samaki kaondoka na hutamwona tena.

Hayo yote niliyasikia nikiwa nimelala chali, macho yangu kwenye kipande cha mbingu kilichokuwa juu ya ua wetu, na kwa namna fulani nikawa nayaona. Nilisoma kidogo tu na sikuwa nimewahi kusafiri kupita Mombasa, lakini kijito kile nilikijua kona kwa kona.

Kufunga inzi nilijifunza kwa sababu vidole vya mzee vilianza kutetemeka. Mume wangu alikuja nyumbani na jiriwa ndogo ya kushikia ndoana na kisanduku cha manyoya, akaviweka mbele yangu. Wakati ule nilikuwa nikishona kofia, zile za mkono zenye vitundu vidogo vya kuzungushiwa uzi wa hariri.

"Mikono inayoweza vitundu vya kofia," akasema, "haishindwi na inzi."

Ilishindwa. Wa kwanza walitoka wanene, wamevimba. Mzee alipowaona alicheka mpaka akakohoa, akamwagiza mume wangu aniambie kwamba samaki wa mlimani hawajapata kuona nyuki mwenye mimba. Nilikasirika. Nikawafumua wote nikaanza tena, na baada ya muda mkono ukazoea: uzi wa hariri uliopakwa nta, unyoya mmoja wa shingo ya jogoo ukizungushwa mpaka usimame kama miguu ya mdudu, na mwisho wake fundo lile lile ninalomalizia kitundu cha kofia. Fundo hilo halikuwahi kufunguka. Kwa hilo mzee alinisifu.

Manyoya ya shingo yalipatikana kwa mama mmoja kutoka Jilore aliyeleta kuku sokoni. Nilimkuta nikawatazama majogoo wake mmoja mmoja, nikiwapuliza shingoni.

"Wewe bibi wataka kuku ama wataka shingo?" akaniuliza.

"Shingo."

"Haya, na mwili nimpelekee nani?"

Siku zile tulikula kuku mpaka mume wangu akaomba maharage.

Lakini mwili wa inzi, ile sehemu ya katikati, ndio ulionisumbua. Kwenye kisanduku mlikuwa na manyoya ya mnyama wa Ulaya, nayo yalikwisha. Nikafikiri, nitie nini kisichozama? Nikachana kona ya godoro letu nikatoa sufi. Niliisokota kwenye uzi wenye nta, nikamfunga inzi mweupe mwepesi, nikamtia kwenye bakuli la maji. Akaelea. Nikampuliza akazunguka. Nikaenda kupika nikarudi, yuko vile vile, kasimama juu ya miguu yake. Mzee alipompeleka mlimani alirudi akitaka wa sufi tu.

"Nalala juu ya mbao," mume wangu alilalamika, akilipapasa godoro, "na samaki wa Mlima Kenya walalia sufi yangu."

Yeye mwenyewe alikuwa keshaambukizwa. Maji ya bahari yakitoka, akishamaliza kazi, aliuchukua ufito kwa ruhusa ya mzee akaenda kujizoeza mchangani. Aliweka kifuu mbali, akawa anarusha mshipi nyuma na mbele, nyuma na mbele, akijaribu kukigusa. Wavuvi waliokuwa wakishona nyavu waliacha kazi kumtazama.

"Bwana, leo upepo wauma?"

"Umeuma," akajibu bila kugeuka. "Lakini mdogo. Nimeurudisha."

Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, nimejifunika. Mshipi ulikuwa ukipita juu ya kichwa chake taratibu, ukijikunja na kujikunjua, na kwa muda ule sikusikia wavuvi wala bahari. Mpaka leo nikifumba macho naweza kuuona, na yeye chini yake.

Kulikuwa na jambo moja tu la kugombana. Aliondoka na kijisanduku kimejaa inzi, akarudi nacho kitupu.

"Samaki wangapi?"

"Watatu."

"Na inzi wangu wote wale?"

"Miti."

"Miti imefanya nini?"

"Huko miti yavua kuliko watu. Mtu arusha nyuma bila kutazama, mti ushakamata."

"Basi leteni hiyo miti tuile."

Alikuwa akisema, "Iko siku nitakupeleka." Hatukujaaliwa watoto, kwa hiyo hakukuwa na kizuizi, ila siku yenyewe ilikuwa ikisogea mbele kila tukiikaribia. Nilitaka kuyaona maji yale kuliko nilivyotaka kuiona Maka, Mungu anisamehe. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuandika vingine.

Kisha akaugua ini. Alikonda haraka, macho yakawa manjano, na hospitali wakamrudisha nyumbani. Siku moja asubuhi aliniomba nimletee jiriwa kitandani. Nilidhani ataka kuitazama tu. Akataka ndoana. Akataka uzi, nta, unyoya. Halafu akatia mkono chini ya shuka, kwenye ile kona niliyoichana, akachomoa sufi mwenyewe.

Hakuwa amewahi kufunga inzi hata mmoja. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipumzika, akaendelea, akapumzika. Akazungushia na kijiwaya cha shaba kilichokuwa kwenye kisanduku, akasema kidogo king'ae, samaki hupenda. Alipomaliza inzi alikuwa kainama upande mmoja, na kichwa kikubwa. Nikanyoosha mkono nimrekebishe fundo.

"Usimguse," akasema. "Huyu si wa mzee. Huyu wako. Siku utakayofika mtoni, umrushe mwenyewe."

"Nitafikaje mimi?"

"Utafika."

Akaomba maji ya kunywa. Hakuumaliza mwezi ule.

Baada ya maziko nilikaa eda, miezi minne na siku kumi, kama tunavyokaa. Shangazi wa marehemu mume wangu alikuja kutoka Takaungu kunikalia. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyeacha jambo lipite. Nilivaa nguo nyeupe, sikutia hina wala wanja wala uturi, sikutoka. Kazi ya mkono haikukatazwa, kwa hiyo niliendelea kumfungia mzee inzi. Dereva mpya alileta ndoana mlangoni, shangazi akazipokea kwa ncha za vidole. Mzee mwenyewe alikuja mara moja kutoa pole. Alisimama kizingitini, kofia mkononi, akasema, "Pole, Mama. Pole sana," akarudi garini.

Siku za eda hazina ncha. Mtu huamka zikawa zimeshaanza, hulala bado zipo. Maji yakijaa niliisikia bahari kutoka chumbani, na kwa kuwa sikuwa nikiiona, niliigeuza. Nililala ndani ya chandarua nikaifanya mto. Nikatia mawe, nikatia baridi, nikamtia yeye amesimama na suruali kaikunja, na mimi nyuma yake nikiuliza, sasa nirushe? Mara nyingi nilipitiwa na usingizi kabla hajajibu.

Yule inzi nilikuwa nimempachika begani kwenye nguo nyeupe, nipate kumtazama. Shangazi alimwona siku ya pili. Alidhani ni inzi kweli, akampiga kofi.

"Yallah! Ana mwiba!"

"Ni ndoana, shangazi. Pole."

"Ndoana!" Alikuwa akikinyonya kidole. "Mtu yumo edani avaa ndoana?"

Jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa amekuja na uji, akasogea kutazama. "Si kitu. Manyoya tu haya."

"Na hiki king'aacho?"

"Shaba."

"Kung'aa ni kung'aa. Hilo ni pambo, na mwenye eda hajipambi."

"Ah, bibi! Ni nani ajipambaye kwa inzi?"

"Mwulize huyu." Shangazi akanigeukia. "Wewe, umelivaa kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Kwamba alilifunga yeye, kwamba aliniambia nilirushe mtoni kwa mkono wangu, na kwamba kila nikilitazama naona bado kuna kitu tunakwenda kukifanya sisi wawili.

Shangazi alisogea karibu. Kisha akasema polepole, "Basi mwanangu, hilo ndilo pambo lenyewe," na macho yake yakajaa. Lakini hakulegeza. Nilimtoa inzi begani nikamtia ndani ya upindo wa ile nguo, chini karibu na kifundo cha mguu, nikamshonea nyuzi mbili asianguke. Nikikaa kitako niliweza kumgusa kwa kidole bila mtu kujua.

Sasa, kwetu mwanamke akitoka edani huogeshwa, na nguo zake za eda huchukuliwa na yule aliyemwogesha. Ni haki yake. Hilo nalijua tangu utotoni, nimeliona kwa mama yangu na kwa wengine. Na bado siku yangu ilipofika nilisahau. Waliniogesha asubuhi mapema, wakanifukiza udi, wakanivika kanga mpya. Harufu ile baada ya miezi ilinilevya, nikawa kama mtu aliyeamshwa na kusimamishwa kwenye jua. Wanawake walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja. Nilipokaa kitako, mkono wangu ukashuka wenyewe kwenye upindo, na upindo ulikuwa wa kanga, mtupu.

Mwoshaji alikuwa ameshaondoka na bunda lake kwenda kwao Mambrui.

"Shangazi," nikasema. "Inzi."

Alielewa mara moja. Akaketi. "Nguo ya eda haidaiwi," akasema. "Ukiidai umejirudisha edani."

"Najua."

"Na mtu mwingine hawezi kukudaia."

"Najua, shangazi."

Nilikuwa najua, na nililia kuliko nilivyolia siku ya maziko, kwa sababu siku ya maziko bado nilikuwa na kitu mkononi. Walidhani nalia kwa kutoka edani, wakanibembeleza. Shangazi hakunibembeleza. Aliinuka, akavaa buibui, akatoka.

Alirudi jua limepinda, buibui limejaa vumbi. Akanipa kiberiti. Nikakifungua. Inzi alikuwa humo, kanyauka, unyoya umelala, na ile sufi nyeupe imekuwa ya samawati. Mwoshaji alikuwa keshaifua nguo, akaitia buluu ya kung'arishia nguo nyeupe na kuianika.

"Ulimwambiaje?" nikauliza.

"Sikudai nguo," akasema shangazi, akivua viatu. "Nguo ni yake na Mungu ambariki nayo. Nimemwambia kwenye upindo kuna mdudu, nimekuja kumtoa."

Nilimshika miguu. Akaniondoa kwa goti. "Mpulizie mvuke wa birika," akasema. "Huenda akasimama."

Nikampulizia, na unyoya ukainuka kidogo kidogo. Ile samawati haikutoka.

Mzee aliposikia nimetoka edani, alituma salamu kwamba anapanda mlimani, na huenda isiwepo safari nyingine kwake; kama nataka, gari lina nafasi. Nilijibu nitakwenda na kaka yangu. Kaka yangu alikuwa fundi wa kushona, mtu wa kivulini, na hakutaka kabisa.

"Dada, huko kuna ndovu."

"Wako mbali."

"Na baridi?"

"Baridi iko karibu."

Akaja, amevaa makoti mawili kutokea Malindi, jasho likimtiririka mpaka tulipopita Voi. Shangazi alitufungia mahamri kwenye kikapu. Kiberiti kilikuwa kifuani mwangu.

Nilikuwa na hofu moja njia nzima. Sikuogopa ndovu. Niliogopa nitafika nikute ni mto tu.

Tulifika jioni, tukalala, na asubuhi tukatelemka kwa miguu kwenye njia yenye umande. Ukungu ulikuwa umekaa kati ya miti, na miti yenyewe ilikuwa na ndevu ndefu za kijani zilizoning'inia kwenye matawi. Maji niliyasikia kabla ya kuyaona. Sauti yake haikuwa kama nilivyoitengeneza ndani ya chandarua. Ilikuwa ndogo zaidi, na haikuvuta pumzi kama bahari, iliendelea tu. Nilivua viatu, nikaikunja nguo, nikaingia.

Mifupa ililia.

Nikatazama chini. Jiwe. Samaki juu ya jiwe, ana madoadoa, anapepea mkia polepole kama mtu afikiriaye. Na kivuli chake kando, kimelala. Hakuwa amenidanganya hata neno moja.

Mzee alikaa juu ya mwamba kwa sababu miguu haikumruhusu tena kusimama majini. Dereva alinifungia inzi kwenye mshipi. Mzee alimtazama, akaona ile sufi ya samawati na kile kichwa kikubwa, hakuuliza. Akanielekeza kwa sauti ya chini: usitie nguvu, mkono usimame karibu na sikio, ungoje kidogo, ndipo upeleke mbele. Yote hayo nilikuwa nimeyasikia kwenye mkeka uani. Nilikuwa nayajua kama Alhamdu.

Nikamkazia macho samaki. Kwa miezi yote ile sikutaka kitu kingine duniani ila hicho, inzi yule ashuke juu ya maji yale kutoka kwenye mkono wangu. Nikauinua ufito. Mshipi ukaenda nyuma, nikausikia unanyooka, nikangoja kidogo, nikapeleka mbele.

Haukuja.

"Umeshika?" kaka yangu akaita kutoka ukingoni.

Nikageuka. Juu, kwenye tawi lililoegemea mto, kati ya zile ndevu za kijani, kulikuwa na kidoa cha samawati.

"Nimeshika mti," nikasema.

Wote walikuwa wakinitazama. Nadhani waliogopa nitaanguka. Nami nikaisikia sauti yake, wazi kama yumo majini pamoja nami: huko miti yavua kuliko watu. Kicheko kikanitoka. Nilicheka mpaka nguo ikaloa magotini, mpaka samaki akaondoka juu ya jiwe lake, na sikuwa nimecheka tangu alipougua. Mzee akaanza kucheka pia, akijifuta macho, bila kujua sababu, au labda alijua.

Kaka yangu alikuwa keshavua koti moja. "Nitapanda nikutolee."

"Kaka, kaa chini."

"Si inzi wa shemeji?"

"Ndiyo. Kaa chini."

Niliushika mshipi mkononi. Tawi lilikuwa likienda na upepo, na kupitia ule mshipi nilihisi linavuta na kulegeza, linavuta na kulegeza. Nilikaa hivyo kwa muda, miguu haina hisia tena. Alisema nimrushe mwenyewe. Nilimrusha. Kwamba hakugusa maji hata mara moja ni kweli, na nimekuwa nikiliwaza hilo mara nyingi, na halikupata kuniuma. Nikavuta mpaka mshipi ukakatika.

Tuliporudi Malindi joto lilitupokea kama shuka zito. Shangazi alikuwa bado kwangu, hajarudi Takaungu. Alinifungulia mlango, akanitazama miguu kwanza, kisha uso.

"Haya. Umemtia majini?"

"La, shangazi. Mti umemkamata."

Alishika kiuno. Nikadhani atanikaripia, baada ya vumbi lote lile la Mambrui. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika. Alijiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

"Na alikuwa akinambia," akasema, "kila akija Takaungu. Ati shangazi, huko miti..." Hakuweza kumaliza.

Tukacheka sote wawili pale mlangoni, tukishikana. Begi langu lilikuwa bado mkononi, lina ubaridi ndani, na linanuka moshi wa kuni ambazo sasa nazijua.